Petroli itoke, dizeli iingie: Hesabu ya mwenye pikapu Dodoma

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta, na wenye pikapu za mizigo Dodoma hupiga hesabu zao upya. Mafuta hushushwa bandarini Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Yakifika huku nyanda za kati yameshabebeshwa nauli ya malori. Anayesomba mahindi Kibaigwa, mwenye shamba la zabibu Hombolo na mchuuzi wa mbuzi anayewahi mnada wa Msalato, wote wanalipia umbali huo hata kabla hawajawasha gari.

Ndipo linapoibuka swali ambalo gereji za Dodoma zimelizoea: hii injini ya petroli tuitoe, tufunge ya dizeli?

Jibu la kijiweni huwa fupi: funga, dizeli haili mafuta. Fundi aliyekomaa hajibu haraka hivyo. Anauliza kwanza gari linabeba nini, linapita wapi, na kwa mwezi linatembea kilomita ngapi. Ana sababu. Injini huchaguliwa na barabara na mzigo, na bei iliyoandikwa kituoni ni sehemu moja tu ya hesabu. Wapo waliofunga dizeli wakashukuru, na wapo waliofunga wakaishia kuwa na gari linalolala gereji kuliko linavyolala nyumbani.

Ndugu wa kiwanda kimoja

Pikapu inayotajwa zaidi katika mazungumzo haya ni Toyota Hilux. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Toyota imekuwa ikilitoa bodi lilelile likiwa na injini ya petroli au ya dizeli, na kibati cha chesisi kinasema gari lilizaliwa na ipi. Likiandikwa RN, lilitoka na injini ya familia ya R, ambayo ni petroli. YN ni familia ya Y, nayo ni petroli. LN ni familia ya L, yaani dizeli.

Katika familia hizo, 22R ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,366 na 3Y ina 1,998. Upande wa dizeli, 2L ina 2,446, 3L ina 2,779 na 5L ina 2,986. Kwa hiyo anayeweka 3L kwenye Hilux ya YN habuni kitu kipya. Analigeuza gari lake liwe kama ndugu yake wa LN ambaye kiwanda chenyewe kilishamtengeneza. Mauntingi za injini zipo, rejeta yake ipo, mpira wa kuingiza hewa upo, hata waya zake zipo. Kazi ni kuvipata vyote vikiwa vimetoka gari moja.

Hapa ndipo wengi wanapokosea hatua ya kwanza. Wanakwenda Kariakoo, kwenye maduka ya spea ya Gerezani na Shauri Moyo, wananunua injini tupu iliyotoka Japani au Dubai, wanaisafirisha hadi Dodoma, halafu ndipo wanaanza kutafuta kimoja kimoja vinavyoizunguka. Mwenye busara hutafuta injini pamoja na gia boksi, altaneta, stata, rejeta na waya zake, au nusu ya mbele ya gari iliyokatwa. Bei yake siku ya kununua ni kubwa, lakini inamwokoa kwenye safari nyingi za kurudi dukani.

Pikapu nyingine zina mambo yake. Toyota Stout, gari la petroli lenye injini ya 5R ya sentimita za ujazo 1,994, lina chesisi ngumu inayopendwa na wabeba mizigo, ila kulifungia dizeli kunahitaji kuchomelea zaidi kuliko Hilux. Land Rover za zamani zilikuja na injini ya petroli na ya dizeli zenye ujazo uleule, 2,286, na dizeli hiyo haikuwa na sifa ya kukimbia. Ndiyo maana wamiliki wake wengi waligeukia injini za Kijapani, au wakasubiri 200Tdi iliyotoka mwaka 1989, yenye ujazo wa 2,495, ambayo inakubali kukaa kwenye gia boksi za Land Rover hizo za zamani bila vita kubwa.

Kinachoifanya dizeli ivutie kwenye mchanga

Nyanda za kati hazina milima ya kutisha, lakini zina kazi yake. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki makorongo huwa mito ya mchanga mkavu, na gari lenye shehena ya alizeti hulazimika kuyakatiza polepole bila kuzima na bila kuzungusha magurudumu ovyo. Ukija upande wa Bahi, mvua ikinyesha udongo mweusi wa mbuga hushika matairi kama gundi. Anayekwenda Iringa ana mlima Nyang'oro mbele yake, na anayekwenda Igunga kupitia Singida ana mteremko wa Sekenke.

Katika mazingira hayo kinachotakiwa ni nguvu ya kuvuta injini ikiwa inazunguka taratibu, na hapo dizeli ina ubora wake wa kimaumbile. Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa, ikagandamiza mchanganyiko huo mara 9 hivi, kisha plagi ikapiga cheche. Dizeli hugandamiza hewa tupu. Katika 2L na 3L hewa hiyo hubanwa zaidi ya mara 22 hadi inapata joto la kuwasha mafuta yenyewe, halafu nozeli ndiyo inayopulizia dizeli ndani. Hakuna plagi za cheche, hakuna kabureta, hakuna distribyuta. Injini ya 3L hutoa mvuto wake mkubwa kabisa karibu na mizunguko 2,400 kwa dakika, wakati injini nyingi za petroli za rika lake zinakuwa bado hazijaamka vizuri.

Na lita yenyewe ina tofauti. Dizeli ni nzito kuliko petroli, na lita moja yake hubeba nishati zaidi kwa zaidi ya asilimia 10. Ukijumlisha na jinsi injini yenyewe inavyotumia joto vizuri zaidi, ndipo unapoelewa kwa nini pikapu iliyokuwa ikitembea kilomita 7 kwa lita inaweza kufika kilomita 10 ikiwa na mzigo uleule.

Ila mwinuko nao una lake. Jiji la Dodoma liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo, iwe ya petroli au dizeli, hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Pampu ya dizeli iliyofungwa na kupimwa pwani, ikiendelea kumwaga mafuta kwa kipimo kilekile huku juu, hutoa moshi mweusi mlimani. Moshi huo ni mafuta yaliyokosa hewa ya kuyaunguza, na mwenye gari ameshayalipia.

Karanga za Paris, karanga za Kongwa

Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alifanikiwa kuendesha injini yake mbele ya wataalamu mjini Augsburg mwaka 1897. Miaka 3 baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya dunia ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama makoloni ya Afrika yangeweza kujizalishia mafuta ya kuendeshea mitambo.

Karanga hizo zina historia nyingine hapa hapa mkoani. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa kulima karanga Tanganyika, makao yake makuu yakiwa Kongwa, wakilenga kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yalikuwa adimu baada ya vita. Walinunua mitambo iliyotumika iliyobaki Ufilipino, na kampuni ya Vickers nchini Uingereza ikavigeuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Huenda huo ndio ugeuzaji wa mashine mkubwa kuliko wote ambao ardhi ya Dodoma imepata kuushuhudia.

Ardhi haikukubali. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ilivunja majembe, udongo wenye changarawe kali ulisaga vyuma, na kiangazi kiliugeuza mfinyanzi kuwa saruji. Mitambo ililala kwa kukosa spea. Januari 1951 mpango ulifutwa, baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mashine zenyewe zilikuwa na nguvu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza mapema zinakwenda kufanya kazi gani, kwenye udongo upi, na zikiharibika zitatengenezwa na nani. Mwenye pikapu wa leo hana budi kujibu maswali hayohayo kwa kipimo chake.

Kwa wale wanaodhani alizeti ya Singida na Dodoma inaweza kumwagwa moja kwa moja tangini kwa kuwa Paris waliweza na karanga, tahadhari. Mafuta ghafi ya mbegu ni mazito. Huacha masizi kwenye nozeli na kuziba njia za pampu. Yaacheni yakaange samaki wa Mtera.

Siku ya kushusha injini

Kazi yenyewe ikianza, injini ya petroli hutolewa kwa saa chache tu. Boneti inafunguliwa na kuwekwa pembeni, rejeta inatolewa, mabomba ya ekzosti yanafunguliwa, cheni bloki inaning'inizwa kwenye boriti au kwenye magogo matatu yaliyosimamishwa, na injini inapanda polepole huku mtu mmoja akiizuia isipige kioo. Anayetazama hudhani kazi imekwisha nusu, kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Cha kwanza ni uzito. Dizeli ni chuma zaidi, na mbele ya gari hushuka. Torsheni ba au springi za mbele zilizokuwa zikibeba injini nyepesi zitachoka mapema, na matairi yataanza kulika upande. Zinapaswa kukazwa au kubadilishwa kabla gari halijatoka gereji.

Cha pili ni kuunganisha injini na gia boksi. Beli hauzingi za familia ya R, Y na L hazifanani, wala flaiwili na klachi pleti zake. Fundi wa kubahatisha hutoboa matundu mapya na kuweka bamba la chuma katikati. Ikitokea shafti ya gia boksi haiko katikati kabisa ya krenki, klachi italika na beringi italia ndani ya miezi michache. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pa kazi hii ni hapo. Gia boksi iliyotoka na injini yake ndiyo suluhisho.

Cha tatu ni difu. Injini ya 3L hufikia nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 4,000, wakati ya petroli huendelea kupanda zaidi ya hapo. Difu ya meno 39 kwa 8 inafaa mlimani na kwenye mchanga, lakini kwenye lami ndefu ya kwenda Morogoro itaifanya dizeli ipige kelele muda wote. Anayekaa zaidi barabarani huweka ya 41 kwa 10. Hapo pia swali la fundi linarudi: unapita wapi?

Cha nne ndicho hatari kuliko vyote, nacho ni breki. Injini ya petroli inapozuia hewa kuingia hutengeneza mvuto wa hewa, na mvuto huo ndio unaoisaidia breki. Dizeli haizuii hewa, kwa hiyo haina mvuto wa kutosha. Toyota walilitatua hilo kwa kuweka pampu ndogo nyuma ya altaneta ya injini za L. Ukiigeuza altaneta ile utaona bomba la oili la kuingilia, la kutokea, na mpira mnene unaokwenda kwenye busta ya breki. Altaneta iliyotoka kwenye gari la petroli haina kitu hicho. Gari likifungwa kwa altaneta ya zamani linawaka, linatembea, na linachaji betri vizuri kabisa, lakini pedali ya breki inakuwa ngumu kama jiwe. Mwenye gari hugundua kwenye mteremko wa kwanza akiwa na gunia 20 nyuma.

Kisha yanafuata madogo yenye umuhimu. Tangi la petroli linapaswa kuoshwa, na lazima kuwe na njia ya kurudisha mafuta yanayobaki kwenye pampu. Waya wa kuizima injini lazima ufike kwenye swichi ya pampu, maana kukata umeme wa cheche hakuna maana pasipo na cheche. Hita plagi zinahitaji waya nene na rilei, la sivyo asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapouma, gari litasukumwa na watoto wa shule. Betri kubwa zaidi ni ya lazima. Tena injini nyingine kutoka Japani, hasa za Land Cruiser na malori madogo, hutumia umeme wa volti 24. Ukiunganisha stata yake na mfumo wa volti 12 itazunguka kwa uchovu. Ukikosea upande wa pili unaunguza taa na vifaa vyote.

Mafundi wa Dodoma wengi huipenda 3L na 5L kuliko injini mpya za 1KD na 2KD zinazotawaliwa na kompyuta. Injini hizo mpya zina nguvu na hazili mafuta, lakini zikihamishiwa kwenye gari la zamani zinadai kontroli boksi yake, sensa zake na ufunguo wake, na mafuta ndani yake husukumwa kwa mgandamizo mkubwa usiosamehe uchafu. Ya pampu ya kawaida inaweza kutengenezwa Mpwapwa au Kondoa kwa spana na uzoefu. Nayo 2L ina tabia yake inayojulikana: silinda hedi hupasuka ikichemka. Rejeta chakavu na 2L havikai pamoja katika joto la Oktoba.

Pampu haina mzaha na mafuta machafu

Asiyewahi kumiliki dizeli hajui kuwa pampu yake hulainishwa na mafuta yenyewe yanayopita ndani yake. Ndiyo sababu uchakachuaji wa mafuta uliwaumiza sana wenye dizeli. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, yakawa yanachanganywa na dizeli, na gari liliendelea kutembea huku pampu ikisagika kimyakimya. Mwaka 2010 Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na katika bajeti ya mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa ili bei yake isogee karibu na ya dizeli na biashara hiyo ikose faida.

Hata hivyo, anayenunua dizeli kwenye madumu vijijini bado anacheza kamari. Maji, vumbi na petroli kidogo vinatosha kuharibu pampu na nozeli. Filta ya dizeli ya Toyota ina kikombe cha kunasa maji chini yake na pampu ya mkono juu yake. Dereva anayehama kutoka petroli anapaswa kuvijua vyote viwili. Kile cha chini hufunguliwa kumwaga maji kabla hayajafika mbali. Cha juu hutumika kutoa upepo mafuta yakiisha tangini. Gari la petroli likiishiwa unamimina lita 5 unaondoka. La dizeli likiishiwa limemeza hewa, na usipojua kutoa upepo utaitafuta namba ya fundi saa nne usiku njiani Chemba.

Vumbi pia. Chujio la hewa lililoachwa msimu mzima wa kiangazi huibana injini inayoishi kwa hewa. Na taiming belti ya familia ya L isipobadilishwa kwa wakati, kwa kawaida kila kilomita 100,000, ikikatika valvu hukutana na pistoni.

Inajilipa lini?

Tuchukue mfano. Tuseme petroli na dizeli zote ni Sh3,000 kwa lita, pikapu ya petroli inatembea kilomita 7 kwa lita na ya dizeli kilomita 10, na kazi yote, injini na kuifunga, imegharimu Sh6 milioni.

Anayetembea kilomita 2,000 kwa mwezi alikuwa akitumia petroli ya karibu Sh857,000. Kwa dizeli atatumia Sh600,000. Anabakiwa na Sh257,000 kila mwezi, na pesa yake inarudi ndani ya miaka 2. Huyo ndiye anayesomba mahindi kutoka Kibaigwa au maji ya kuuza kwenye simtanki.

Anayetembea kilomita 500 kwa mwezi, yaani kutoka Nkuhungu hadi Mji wa Serikali Mtumba na kurudi kwa siku chache za wiki, anaokoa Sh64,000 tu. Pesa yake itarudi baada ya zaidi ya miaka 7, kama pampu haijamtoa nyingine kabla ya hapo. Huyo injini yake ya petroli ikiwa nzima, aseme bura yangu sibadili na rehani.

Mfano huo una mahali unapoyumba. Bei hazilingani daima. Mwaka 2022, mafuta yalipopaa duniani hadi Serikali ikatoa ruzuku ya Sh100 bilioni mwezi Juni, kulikuwa na miezi dizeli iliuzwa ghali kuliko petroli. Upande wa pili, kodi imehamia kwenye lita. Zamani mwenye gari alilipa ada ya leseni kila mwaka kwa kufuata ujazo wa injini, na aliyepanda kutoka 3Y hadi 3L alipimwa kwa ujazo mkubwa zaidi. Bajeti ya mwaka 2017/18 iliifuta ada hiyo na kuweka Sh40 kwa kila lita ya mafuta. Tangu hapo anayetumia lita chache ndiye anayelipa kidogo, bila kujali ukubwa wa injini yake.

Moshi na zama zinazobadilika

Ipo gharama isiyoonekana kwenye risiti. Juni 2012, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Injini ya zamani yenye nozeli zinazochuruzika, ikiwa imewashwa nje ya darasa au sokoni Majengo, si jambo la kuchukulia poa. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa ndogo mwaka 2015, lakini mafuta safi hayasafishi injini iliyochoka. Nozeli zinapaswa kupimwa na pampu kurekebishwa kwa mwinuko wa huku. Gharama hiyo ni ndogo ukilinganisha na mafuta yanayopotea kwenye moshi.

Nchi nayo inasogea. Dar es Salaam, wenye magari ya petroli wanafunga mitungi ya gesi asilia, na Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) ni miongoni mwa wanaoifanya kazi hiyo. Injini yenye plagi za cheche inaikubali gesi kwa urahisi. Ya dizeli haiikubali bila marekebisho makubwa. Kwa hiyo anayetupa injini nzima ya petroli leo anaweza kuwa anaufunga mlango ambao kesho vituo vya gesi vikisambaa bara angeuhitaji. Treni ya umeme iliyozinduliwa rasmi 1 Agosti, 2024 kati ya Dar es Salaam na Dodoma imeshaonyesha kuwa safari ndefu hapa nchini haihitaji tena tangi la dizeli. Mzigo wa kutoka shambani hadi barabara kuu, ndio, bado utabebwa na pikapu kwa miaka mingi.

Kadi ya gari isiachwe nyuma

Kadi ya usajili inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) inabeba namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini na aina ya mafuta. Ukibadili injini, vitatu kati ya hivyo vinne vimekuwa uongo. Gari linapaswa kukaguliwa na polisi wa usalama barabarani na taarifa zake kurekebishwa TRA. Utahitaji risiti ya injini uliyonunua na nyaraka zinazoonyesha ilikotoka. Injini isiyo na nyaraka ni bei nafuu leo na kesi kesho, maana namba yake inaweza kukutwa kwenye gari lililoibwa.

Bima nayo inategemea kadi. Gari likipata ajali na mkaguzi akakuta injini isiyoandikwa, mmiliki ameshampa sababu ya kuuliza maswali mengi kabla ya kulipa. Na siku ya kuuza, mnunuzi makini hafungui boneti kwanza. Anaomba kadi, ndipo analinganisha namba. Akikuta dizeli moyoni na petroli kwenye karatasi, atashusha bei au ataondoka.

Kwa hiyo kabla cheni bloki haijaning'inizwa, andika kilomita za miezi 3, uzito unaobeba na njia unazopita, halafu mpelekee fundi karatasi hiyo. Pikapu inayofanya kazi kila siku kwenye mchanga wa Bahi na vilima vya Kondoa itairudisha fedha yako. Inayolala uani siku 4 kwa wiki, ifanyie sevisi kabureta yake, ibadilishe plagi, na hizo Sh6 milioni zinunulie mbuzi Msalato.